Miti Iondoke

Bwawa lilipasuka mchana kweupe, jua likiwaka, pasipo hata wingu la kusingiziwa. Mvua ingekuwapo, watu wangeilaani mvua, wakazika, wakanyamaza. Lakini mbingu zilikuwa safi kama sahani iliyosuguliwa, na maji yakaja hivyo hivyo. Kwa hiyo kabla matope hayajakauka kutani, mji mzima ulikuwa unatafuta mtu.

Fundi Mashoto ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpata.

Alikuwa mpasua mbao, kifua kipana, maneno machache. Jina hilo alipewa kwa sababu kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto: kula, kupiga nyundo, kupiga watu. Uwanja wake wa magogo ulikuwa chini ya tuta la bwawa, pale inapoanza barabara inayoshuka sokoni. Kila gogo lililoingia uwanjani alilipaka rangi nyekundu kichwani ili lisiibwe. Mkewe, fundi cherehani, alishonea kwenye baraza la duka la kona, chini ya barabara hiyohiyo, maana vumbi la mbao lilikuwa likiharibu vitambaa vya watu.

Siku ile Mashoto alikuwa amepanda mlimani kutazama mti. Akasikia mshindo kama wa lori linalomwaga mawe, ila lori hilo halikumaliza kumwaga. Alipogeuka, tuta lilikuwa limefunguka katikati, na maji yalikuwa yakitoka kwa mkupuo mmoja, rangi ya chai ya maziwa. Yaliufikia uwanja wake kwanza. Yakayanyanyua magogo kama njiti za kiberiti, yakayapanga barabarani, yakayasukuma.

Maji peke yake yangewaangusha watu, yangewaua wachache. Magogo ndiyo yaliyofanya kazi. Yaliingia nyumba kwa kichwa na kutokea upande wa pili na vitanda. Yalivunja miguu ya wachuuzi waliokuwa wakikimbia. Yalimkuta ng'ombe wa mtu amefungwa kambani, yakampasua ubavu, yakaendelea. Yaling'oa mlango wa zahanati, na mlango nao ukaanza kuua.

Mashoto alimkuta mkewe jioni. Gogo lilikuwa limembana kwenye ukuta wa duka, na mguu wa cherehani umejikunja kando yake kama uma uliokanyagwa. Kichwa cha gogo kilikuwa chekundu. Mashoto alisimama pale akikitazama kichwa kile, asijue kama wekundu ule ni rangi yake au ni mke wake.

Mtu hawezi kulipiza kisasi kwa gogo. Aliokota ubao, akapanda barabara, na wanaume wengine wakamfuata bila kuulizana waendako.

Walimkuta mlinzi wa bwawa akishuka kutoka tutani, matope hadi kiunoni, filimbi bado iko mdomoni, akipuliza pumzi isiyo na sauti. Mlinzi huyu alikuwa kaka wa marehemu, baba mmoja, mama mmoja. Shemeji yake Mashoto.

"Ulikuwa wapi?"

"Juu. Nimepuliza, shemeji. Nimepuliza mpaka..."

"Ulilala."

"Sikulala. Maji yametoboa kwa ndani. Nimeyaona yanatoka machafu, nikaanza kupuliza, nika..."

Ubao ukamkata neno. Pigo la kwanza lilimvunja mkono, na Mashoto aliusikia mfupa ukilia kama tawi bichi, sauti aliyoizoea. La pili lilimpata jichoni. Baada ya hapo hapakuwa na hesabu. Kila aliyekuwa na tofali alileta tofali, na aliyekosa alileta mguu. Muuza nyama, aliyeitwa Kipara, alimrukia kifuani kwa viatu vyote viwili.

Aliyewazuia alikuwa mwanamke mzee. Hakupiga kelele. Alipenya katikati ya miguu ya wanaume, akajilaza kifudifudi juu ya yule aliyekuwa chini, akageuza uso wake kumtazama Mashoto.

"Binti yangu yuko chini ya shuka," alisema mama mkwe wake. "Niachie huyu anisaidie kumzika. Mkwe, shusha huo ubao."

Hakuushusha. Ulimponyoka tu. Na hapo polisi wakafika, wakamtupa mlinzi nyuma ya gari kama gunia, wakampeleka rumande kwa usalama wake, walisema.

*

Tuta lile halikujengwa na watu wa kulipua kazi. Lilijengwa na wazee kwa udongo mwekundu uliochaguliwa, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lilishindiliwa kwa magogo mazito yenye mipini, wanaume kwa wanawake wakiinua na kushusha kwa pamoja huku mmoja akiwaimbia mapigo. Kila kiangazi mji ulipanda tutani kwa zamu. Shimo la panya lilizibwa. Mche wowote uliochipua uling'olewa na mzizi wake, pakajazwa udongo, pakashindiliwa. Hakuna aliyeuliza sababu. Ilikuwa kazi kama kufagia uwanja wako.

Kisha zamu zikaachwa. Watu walianza kusema hiyo ni kazi ya mlinzi, kwani analipwa kwa nini. Nyimbo za kushindilia zikabaki vinywani mwa vikongwe, na vikongwe wakafa nazo.

Pakaja mwaka wa kampeni. Walikuja vijana na vipaza sauti na fulana zilizoandikwa kwamba mti hushika udongo. Ni kweli, mlimani unashika. Mji huu ukaona kwamba udongo wake wa thamani kuliko wote uko tutani, basi kila nyumba ikapanda mti wake pale, na kila mti ukavishwa kibati chenye jina la nyumba. Palipendeza. Watu walipiga picha.

Mlinzi akaanza kuing'oa miche ile, kama alivyofundishwa na waliomtangulia. Aliitwa mkutanoni, akaitwa adui wa miti, akalazimishwa kuirudishia mmoja mmoja na kuimwagilia mwenyewe. Mche aliouanzia ulikuwa wa dada yake. Mashoto alimzaba kofi la mkono wa kushoto mbele ya watu wote, na watu wakaona ni sawa.

Miti ikakua, ikanenepa. Siku moja akapita bwana mmoja wa serikali, akatazama tuta kupitia dirisha la gari, akamwambia mwenyekiti maneno mawili: "Miti iondoke." Kisha akaondoka yeye. Kazi ya kuikata alipewa Mashoto. Aliilaza yote kwa msumeno wa mota, akapata mbao, shule ikapata madawati, na kila mtu akaridhika isipokuwa mmoja, aliyekuja uwanjani na kofia yake mkononi.

"Shemeji, mizizi," mlinzi alisema.

"Imefanya nini?"

"Imebaki. Ikioza itaacha njia mle ndani. Niitie watu wako na majembe, tung'oe visiki, tushindilie kama zamani."

Mashoto alizima msumeno ili wafanyakazi wake wasikie vizuri. "Yule bwana alisemaje?"

"Alisema miti iondoke."

"Hebu tazama tutani. Unaona mti?"

"Sioni."

"Basi imeondoka."

Wafanyakazi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Shemeji anataka kuufanyia mti mazishi," Mashoto akaongeza, na mzaha ukashuka naye sokoni jioni ile. Ukawa msemo. Mtu akilipua kazi, wenzake humwambia, imeondoka. Deni lisilolipwa, imeondoka. Nguo iliyofuliwa ikarudi na doa, imeondoka. Mji mzima ulikuwa na neno hilo mdomoni, na mlinzi aliposikia likitamkwa alivuka barabara.

*

Injinia aliyeletwa kuchunguza alikuwa mama mfupi mwenye buti za mpira na sauti ya ukali kama ya mwalimu wa darasa la kwanza.

"Mimi sitafuti mtu," alimwambia sajenti wa polisi. "Natafuta njia ya maji."

"Sisi tunatafuta mtu, mama. Tunaye tayari. Tunachotaka kwako ni sababu."

Alianza kwa kuondoa yale yasiyokuwa. Mfereji wa maji ya ziada ulikuwa na nyasi kavu zilizosimama wima, kwa hiyo maji hayakujaa yakafurika. Lango la kutolea maji lilikuwa limefungwa inavyotakiwa, na skrubu zake zina grisi mbichi. Mlinzi alikuwa amelipaka majuzi. Lililobaki ni tumbo la tuta lenyewe. Akaomba watu wa kuchimba pale lilipopasukia.

Mashoto alikuwa wa kwanza kujitokeza, siku moja tu baada ya mazishi. Alitaka ushahidi. Alitaka kuona kwa macho yake mahali shemeji yake alipozembea, ili ule ubao uwe haki. Maana kila usiku mfupa uliendelea kulia masikioni, na mtu anayepiga kwa haki hasikii kitu kama hicho. Kipara naye akaja, na wengine waliokuwa na matofali.

Walichonga uso wa tuta kwa majembe na mapanga, kama mtu anayekata mkate apate kuona ndani. Matabaka ya wazee yakajitokeza, mekundu, yamebanana hata jembe lilikuwa linadunda. Injinia alipapasa kwa kiganja.

"Waliojenga hapa hawakuwa na mzaha," alisema.

Hapo jembe la Mashoto likazama lote.

Lilikuwa tundu pana kama paja la mtu. Lilikuwa limevaa gome la mti, gome zima, lakini ndani hamna mti. Mfano wa mkono wa koti ambalo mwenyewe amelivua na kwenda zake. Harufu ya uozo ikawapanda puani. Kando yake palikuwa na jingine, jembamba, na jingine, yote yakielekea upande wa maji. Injinia alimimina ndoo ya maji katika moja la hayo. Wakasubiri. Maji yakatokea mbali upande wa pili, yamebeba udongo, na tundu likawa limepanuka mbele ya macho yao.

"Ndiyo hii," alisema mama yule polepole. "Mzizi umeoza, maji yamepata mlango. Kwanza yanapita kidogo, yanatafuna udongo, yanapita mengi. Mti ulikatwa. Ulitakiwa kung'olewa." Akawageukia. "Nani alikata?"

Juu ya vichwa vyao, kwenye kipande cha tuta kilichosalia, kisiki cha mti uleule kilikuwa kimejitokeza. Mdomo wa mkato wake ulielekea upande ambao mtu wa mkono wa kulia asingeufikia bila kujikata goti. Mashoto aliutambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake.

"Mlinzi," Kipara alisema.

"Una hakika?"

"Mama, muulize mtu yeyote. Ana chuki na miti tangu zamani. Alishitakiwa mpaka mkutanoni."

"Mlinzi," wengine wakaitikia, macho kwenye majembe.

Mashoto alifungua mdomo. Udongo ulikuwa umemwingia kwenye meno, akatema, akaufunga.

"Basi kesho nitayasema hayo mbele ya watu," injinia alisema. "Na sajenti atafanya kazi yake."

Walipokuwa wakishuka Kipara alimshika bega. "Tumekufunika, fundi."

"Sikuwaomba."

"Una msiba. Mtu mwenye msiba haombi, anafanyiwa."

*

Mama mkwe wake alikuwa ameketi uani, mbele yake karai la maji ya sabuni. Alikuwa anafua vitambaa vilivyookotwa kwenye tope, vya wateja wa marehemu binti yake, ili awarudishie wenyewe. Kimoja kilikuwa gauni lisilo na mkono. Hakukuwa tena na mtu wa kuuweka.

"Umechimba nini leo?" aliuliza.

"Udongo."

"Udongo tu?"

Mashoto alikaa kwenye kigogo. "Mizizi, mama."

Bibi alikamua kitambaa, akakikung'uta, akakianika. "Mwanangu alikuja kwako."

"Alikuja."

"Ulimwambia nini?"

Neno lenyewe lilikuwa moja tu, na halikutoka.

"Nililisikia sokoni," alisema mama mkwe. "Nilicheka pia. Nililitumia hata mimi, kwa yule kijana aliyenipigia paa bati. Sikujua anayechekwa ni wa kwangu." Akachukua kitambaa kingine. "Kesho wataniulia. Wewe ulianza. Usipofanya kitu, wao watamaliza, na utakuwa umeniulia wote wawili."

Alilisema bila kupandisha sauti, kana kwamba anamweleza bei ya sabuni. Mashoto alitamani bibi ampige karai la kichwa.

*

Mkutano ulifanyika katika ghala la nafaka, ambalo maji hayakulifikia. Watu walikaa hata juu ya magunia. Mlinzi aliletwa kati ya askari wawili, mkono kwenye plasta, jicho moja limefungwa bandeji, shati ni lilelile.

Injinia alieleza kwa lugha ya kila mtu: mti, mzizi, uozo, tundu, maji. Watu walimsikiliza kwa utulivu wa kutisha, wakisubiri afike kwa mtu. Alipofika alisita, kwa maana hakuwa mjinga.

"Nimeambiwa aliyekata miti ni mlinzi," alisema. "Nataka nisikie hapa. Ni kweli?"

"Kweli," ghala likavuma.

"Nawe unasemaje?" alimuuliza mlinzi.

"Nilishasema kituoni. Aliyeandika aliniambia nitulie."

Mtu akamrushia kiatu. Watu wakaanza kuinuka, na magunia yakaanguka. Katika vurugu hiyo Mashoto akapanda juu ya meza ya injinia, akasimama na buti zake za matope.

"Nilikata mimi."

"Shuka, baba," mzee mmoja akamwambia kwa huruma. "Uchungu unakuvuruga."

"Nendeni mkaone kisiki. Mkato ni wa mashoto. Nani mwingine mji huu ana mkono huu?" Akauinua.

"Fundi, kaa chini," Kipara alisema akiuma meno.

"Alikuja uwanjani kwangu. Aliniomba majembe tung'oe visiki. Nikamwambia..." Akamgeukia mlinzi. "Nikamwambia imeondoka."

Ghala likanyamaza. Hakuna aliyekuwa mle ndani ambaye hakuwahi kulicheka neno hilo. Walilisema kazini, walilisema vitandani kwao, waliwafundisha watoto wao. Na kila mmoja wao alikuwa na kibati chake mahali fulani, kilichowahi kuning'inia kwenye mti wake kule tutani. Ukimya ule ungeweza kuwa mwanzo wa jambo jema. Labda enzi za wazee ungekuwa. Lakini watu wa siku hizi ukiwaonyesha uso wao huvunja kioo.

Jiwe la kwanza lilirushwa kwa mlinzi. Ndivyo walivyozoea. Mashoto aliruka kutoka mezani, akasimama mbele yake, likampata mdomoni, akatema meno mawili mkononi. La pili lilimpata kooni. Alimshika mtu wa kwanza aliyefika, ambaye alikuwa Kipara, akampiga kichwa cha pua, wakaanguka pamoja, na juu yao wakaanguka wengine. Watu walipigana bila kujua nani yuko upande gani. Mwanamke alimng'ata askari sikio. Mtu alikuwa analia, "Mti wetu ulikuwa mwembamba, wetu ulikuwa mwembamba," huku anampiga jirani yake ngumi za mgongo. Kipara alijinasua, akanyanyua benchi, akalishusha juu ya mlinzi. Na Mashoto akainua mkono wa kushoto kulizuia, kwa sababu ndio aliokuwa akiuinua kwa kila kitu.

Mfupa ulilia. Safari hii aliusikia kwa ndani.

Sajenti akafyatua risasi mbili kwenye paa. Mwanga wa jua ukaingia kwa matundu mawili, na watu wakasimama walipokuwa, wakihema, wakitazama vumbi la unga likielea ndani ya mwanga. Mlinzi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Shemeji yake alikuwa amelala juu ya miguu yake. Hakumsukuma, wala hakumshika.

*

Mlinzi aliachiwa. Hakuna aliyemwomba radhi. Askari alimfungulia mlango tu. Akarudi tutani na filimbi yake, kwani hakuna aliyekuwa amemfukuza, na hata wakimfukuza nani angekuja kumwambia. Bwawa halikujengwa upya. Iliundwa kamati, na kamati ikaunda kamati ndogo. Kule kulikokuwa na maji sasa ni nyasi, na mbuzi wanalisha. Kipara aliendelea kuuza nyama, na watu waliendelea kununua.

Mkono wa Mashoto uliunga vibaya. Msumeno hauwezi tena. Alijifunza kushika jembe kwa mkono wa kulia, kama mtoto, akijikata vidole vya miguu. Kila siku anapanda kwenye vipande viwili vya tuta vilivyosalia, tuta lisilozuia kitu, anang'oa visiki alivyoviacha. Anafuata mzizi mpaka unapoishia. Anajaza udongo mwekundu, anashindilia kwa gogo la mpini. Wapita njia hawakosi la kusema.

"Fundi, imeondoka?"

Mashoto anashindilia. Hasimami.

Mama mkwe wake humletea chakula, hukaa kivulini mpaka amalize, hubeba sahani. Hawaongei sana. Mlinzi hupita kila jioni katika mzunguko wake, jicho lake moja chini. Tangu siku ya ghala hajamwita shemeji, wala hajamwita kwa jina lolote. Husimama kwenye ukingo wa shimo, huchutama, huingiza fimbo yake kwenye udongo wa pembeni, huisukuma taratibu kama daktari.

Jana ilizama.

"Bado," alisema, akaichomoa, akaenda zake.

Mashoto akashuka tena shimoni.